Taa ya Kutambua Waovu

Jioni moja mwaka jana mwanangu alitoka chumbani kwake na padi ya gemu mkononi, uso umemshuka kama mtu aliyefeli mtihani. "Baba," akaniambia, "nimevunja kiapo, na sijui nimekosa nini."

Ana miaka kumi na saba. Gemu anayoicheza ni Baldur's Gate 3, iliyotolewa mwaka 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji, na mhusika aliyemchagua ni paladini: askari wa dini, mwenye deraa na upanga, aliyeapa kusema kweli na kuwalinda wanyonge, na ambaye nguvu zake zote zinatokana na kiapo hicho. Nikamfuata chumbani anionyeshe. Njiani alikuwa amemkuta mwanamke kafungiwa ndani ya kizimba kinachoning'inia, na watu wawili wamesimama chini yake wakishauriana wamfanye nini. Mwanangu hakutaka maneno mengi. Akawavamia, akawaua wote wawili, akamfungua mateka. Hapohapo kioo kikamwandikia kwamba kiapo kimevunjika, maana wale wawili hawakuwa wamemgusa. Usiku, kambini, akatokewa na askari mwenye deraa nyeusi ambaye naye zamani alivunja kiapo chake. Akaambiwa njia ya kurudi ipo, na gharama yake ni vipande 1,000 vya dhahabu.

"Lakini nimemwokoa mtu," alisema. "Kwa nini niadhibiwe mimi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia aje tule kwanza. Usiku ule usingizi ulinikimbia, kwa sababu swali lake lilikuwa limenirudisha kwenye meza moja huko Wisconsin, Marekani, ambako mimi mwenyewe niliwahi kuwa paladini kwa karibu miaka mitatu, nikafanya jambo baya kuliko lake, na hakuna aliyeninyang'anya kitu.

Vita vitakatifu, hata hivyo, nilianza kuvicheza kabla ya Wisconsin. Nilivichezea Tanga, kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya madrasa. Tulikuwa tumekuzwa na tenzi. Bibi yangu alikuwa na sehemu kubwa ya Utenzi wa Ras il-Ghuli moyoni, na umeme ukikatika alitughania gizani, sisi tumejilaza mkekani, mpaka tukaziona farasi na panga ukutani. Kesho yake, tukitoka chuoni, tulikata fito tukazifanya panga. Kila mmoja alitaka kuwa Sayyidna Ali. Hakuna aliyetaka kuwa kafiri. Mwanzo tulipiga kura. Baadaye tukaona kura ya nini, kafiri na awe yule mtoto aliyehamia kutoka bara, mwenye kigugumizi, ambaye lafudhi yake ilituchekesha. Akawa kafiri Jumatatu, akawa kafiri Jumanne, akawa kafiri mwezi mzima. Na kila adhuhuri alikuwa anasali safu moja na sisi.

Siku moja Maalim akatukuta tumemlaza chini na fito tumemwekea kooni. Tulijua tutachapwa. Hakuchapa mtu. Alitukalisha kivulini akatusimulia kisa cha Ali aliyemwangusha adui yake vitani na kuinua upanga ammalize. Yule adui, kwa kukata tamaa, akamtemea mate usoni. Ali akashusha upanga, akamwacha. Alipoulizwa sababu akasema alikuwa akipigana kwa ajili ya Mungu, lakini mate yale yalimtia hasira, na kama angemuua wakati ule angekuwa ameua kwa ajili ya nafsi yake. Maalim akanyamaza. Kisha akatunyooshea kidole, mmoja mmoja: "Na nyinyi huyu mnampigia nani?"

Hakuna aliyejibu. Yule mtoto akainuka, akajikung'uta mchanga, akaenda zake kwao, na hakurudi tena kucheza nasi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika fito. Umri ule sikujua kulisema nililolielewa, ila nililielewa: mchezo wa askari wa Mungu hauendi bila adui, na adui asipopatikana huwa anateuliwa aliye karibu na asiyeweza kujitetea.

Wisconsin nilifika Agosti 2000 kusoma. Chuo chenyewe kilikuwa kusini mwa jimbo, si mbali sana na Lake Geneva, mji mdogo ambako Gary Gygax alianzia kuuza Dungeons & Dragons mwaka 1974, mchezo aliotunga pamoja na Dave Arneson. Hayo sikuyajua. Nilichokijua ni upweke wa Ijumaa usiku katika bweni ambalo nusu ya watu wake wamekwenda makwao. Mwenzangu wa chumba akaniona nimekaa naandika barua ya tatu kwa wiki moja, akanivuta mpaka chumba cha chini, ambako watu watano walikuwa wamezunguka meza iliyojaa karatasi, penseli na vitabu vilivyokuwa bado vinanuka wino. Toleo la tatu la mchezo lilikuwa limetoka mwezi uleule.

Mchezo huu hauna mshindi. Mmoja anakuwa msimulizi: anawaeleza mko wapi, mnaona nini, nani anakuja. Wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema anafanya nini, na pakiwa na shaka kama ataweza, dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua. Kwa mtu aliyelelewa na paukwa pakawa, haukunipa taabu. Tofauti niliyoiona ni kwamba wasikilizaji wanaruhusiwa kuingia ndani ya hadithi na kuipindua.

Walinisomea aina za wahusika: mwizi, mchawi, kuhani, mpiganaji. Walipofika paladini nikawasimamisha. Hasemi uongo. Hatumii sumu. Hapatwi na maradhi. Anaponya kwa kuweka mikono. Akitenda uovu kwa kukusudia, nguvu zote zinamwondoka. Neno lililonijia ni mujahidi, nikalitamka, nikawaeleza maana yake, wakalipenda, na mmoja akaliandika pembeni ya karatasi yangu kwa herufi kubwa. Mwaka 2000 mtu aliweza kulitamka neno hilo mbele ya Wamarekani bila kutazamwa mara mbili.

Kulikuwa na mchezaji mmoja mtu mzima, aliyekuwa na kitabu cha mwaka 1978 kilichochakaa. Alinionyesha kwamba paladini wa zamani alibanwa zaidi: lazima awe binadamu, alama yake ya haiba isipungue 17, atoe fungu la kumi la mapato yake, asimiliki vitu vya uchawi zaidi ya kumi, asifuatane na waovu. Nilipenda ukali ule. Ulifanana na wa nyumbani.

Walininunulia kisanamu cha bati cha kumwakilisha mezani, urefu wake hauzidi kidole gumba, na mmoja wao akakaa usiku kucha akikipaka rangi. Aliponikabidhi nilikiinua karibu na taa ya mezani. Joho jeupe juu ya deraa, mikunjo yake imetiwa kivuli cha kijivu. Ndevu zimechorwa unywele mmoja mmoja. Na kifuani msalaba mwekundu, mistari miwili ambayo kila mmoja ulikuwa mfupi kuliko punje ya mchele. Mkono uliouchora haukutetemeka. Na mimi kichwani likaja somo la historia la sekondari: Kilwa, Julai 1505, watu wa Francisco de Almeida wameshuka pwani, mapadri Wafransisko wanaingia mjini na misalaba, wanaisimika, wanasali, na sala ikiisha mji unaporwa. Msalaba mwekundu uliokuwa ukichorwa kwenye matanga ya Wareno ulikuwa wa Shirika la Kristo, shirika la askari watawa lililorithi mali za Watempla wa Ureno. Wenzangu walikuwa wamemkuta askari wa dini kwenye vitabu vya kubuni. Kwetu alifika kwa jahazi.

Nilimweleza rafiki yangu, taratibu, nisimvunje moyo. Kilwa alikuwa hajawahi kuisikia. Hakujitetea. Alitafuta sindano, akakaa chini ya taa ileile, akaukwangua msalaba mpaka pakabaki wekundu hafifu mfano wa kovu. Akaniuliza anichoree nini badala yake. Nikamwambia aache vivyo hivyo.

Baadaye nilisoma paladini alikotoka. Gygax alimchukua hasa kwenye riwaya ya Poul Anderson iitwayo Three Hearts and Three Lions, na Anderson naye alimchukua kwenye ngano za mashujaa wa mfalme Charlemagne. Mkubwa wao ni Roland, aliyekufa mwaka 778 katika njia ya Roncevaux, milimani kati ya Ufaransa na Uhispania. Waliomuua walikuwa Wabaski, wenyeji wa milima ile, waliolivamia jeshi kwa nyuma. Lakini miaka mia tatu ikipita, enzi za vita vya msalaba, utenzi wa Kifaransa ulipoandikwa Wabaski hawakuonekana tena. Waliowekwa mahali pao ni Waislamu, maelfu kwa maelfu. Nilipolisoma hilo nilihisi kuonewa, mpaka nikakumbuka yetu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, unasimulia vita vikubwa vya Waislamu na majeshi ya mfalme wa Rumi. Msafara wenyewe wa Tabuk, wa mwaka 630, ulirudi bila pambano kubwa, kwa sababu jeshi la Rumi halikutokea. Washairi wa kule na wa kwetu walimhitaji adui wa dini, na asipokuwapo walimtunga. Bibi yangu alinighania kwa mapenzi, na mimi bado nazipenda tenzi zile. Ila nilipokuwa mtoto hakuna aliyeniambia kwamba adui katika utenzi ni kazi ya fundi, sawa na vina na mizani.

Sasa niizungumzie taa, maana ndiyo kiini cha niliyojifunza.

Katika toleo lile paladini alikuwa na kipawa cha kutambua uovu wakati wowote apendao. Kanuni zake nimezihifadhi mpaka leo. Unatazama mbele yako, umbali wa futi sitini. Duru ya kwanza unajua tu kama uovu upo au haupo. Ukiendelea kukaza macho, duru ya pili inakuambia ni waovu wangapi na aliye mkali kuliko wote ana nguvu kiasi gani. Duru ya tatu inakuonyesha kila mmoja alipo. Sisi mezani tuliita kuwasha taa. Wenzangu waliipenda kuliko upanga wangu. Tukikutana na mfanyabiashara njiani: washa taa. Tukipokewa na mwenye nyumba ya wageni: washa taa. Msimulizi akisema hakuna kitu, tuliketi tukala naye. Akisema kipo, panga zilitoka kabla mwenye nyumba hajamaliza kutukaribisha. Kwa miezi kadhaa hatukumuuliza mtu yeyote swali. Ya nini kuuliza, na jibu tunalo? Taa ilituambia wangapi na wapi. Kwa nini mtu yule amekuwa vile, amefanya nini, anaweza kugeuka au hawezi, hayo kanuni hazikuwa na duru yake.

Mwaka 2001, barafu ikianza kuyeyuka, tulitumwa kukomesha goblini waliokuwa wakivamia kijiji. Ni vizimwi vifupi, wanaishi mapangoni, na vitabu vya mchezo vilivihesabu karibu vyote kuwa viovu. Tuliwafuata mpaka pangoni tukapigana na wapiganaji wao, vita halali, nao walikuwa wamechoma nyumba za watu. Tulipowamaliza tukasonga ndani. Msimulizi wetu alikuwa hodari wa kueleza. Alisema mwishoni kuna chumba kilichotandikwa majani makavu, moto mdogo, chungu cha uji ambao bado unachemka, na watoto wao wamejibanza ukutani.

Meza ikanyamaza. Kisha mmoja akasema, "Washa taa."

Nikawasha. Msimulizi alifungua kitabu, akapitisha kidole ukurasani, akafunga. "Upo," akasema.

Hiyo ilikuwa duru ya kwanza. Sikuomba ya pili. Niliinua kisanamu changu kwa vidole viwili nikakigeuza, kikatazama mlango wa pango. Nikasema, "Basi fanyeni haraka." Dadu hazikutupwa hata, kwa sababu watoto hawakuwa na cha kujikingia. Msimulizi aliandika kitu kwenye daftari lake na tukaendelea.

Nilikuwa nasubiri. Nilikuwa na hakika ataniambia nguvu zimeniondoka, na sehemu yangu kubwa ilitaka aniambie. Hakuniambia. Tulirudi kijijini, tukapokewa kwa ngoma na vyakula, wakaniletea mzee mwenye homa, nikamwekea mikono, akapona. Mikono ilifanya kazi. Nikiwa napanda ngazi kurudi chumbani nilijiona nimedanganywa, na sikujua na nani.

Wiki iliyofuata nilimuuliza msimulizi kwa faragha. Alikuwa kijana mwema, alishtuka. Akasema ilikuwa saa saba usiku, alitaka tufike mbele, na kitabu kinasema ni waovu. Hapo nikafahamu jambo ambalo ningepaswa kulijua mapema: mbingu ya paladini wetu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye usingizi. Nguvu zangu kubaki hakukuwa ushahidi wa chochote. Ni hukumu aliyoipitisha mtu mwenye haraka, nami nikaipokea kwa sababu ilinipa nafasi ya kutazama pembeni.

Swali la watoto wa pangoni, nimekuja kujua, ni la zamani katika mchezo huu. Meza nyingi zimegombana kwalo. Gygax mwenyewe, miaka michache kabla ya kufa mwaka 2008, aliulizwa kuhusu paladini na mateka, akatetea kuwaua, na katika kutetea akarejea usemi unaonasibishwa na Kanali John Chivington kwamba mayai ya chawa huwa chawa. Chivington alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Novemba 29, 1864, aliongoza askari kushambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho huko Sand Creek, Colorado, watu waliodhani wako katika amani, na waliouawa, zaidi ya mia moja, wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Nilipolijua hili niliweka kitabu chini nikatoka nje. Kwa hiyo uji ule uliokuwa ukichemka pangoni ulikuwa na jina la mahali na tarehe. Sisi mezani tuliurudia bila kujua, na mimi, mjukuu wa watu ambao misalaba ilisimikwa pwani kwao, ndiye niliyetoa idhini.

Kisha ikaja Septemba.

Yale ya Jumanne ile kila mtu anayajua. Jumapili yake, Septemba 16, Rais Bush alipozungumzia vita dhidi ya ugaidi alitumia neno la vita vya msalaba, na ikulu yake ikajutia neno hilo siku chache baadaye. Nilikuwa peke yangu bwenini mwenye jina la Kiislamu. Wenzangu wa mezani hawakubadilika hata chembe. Mmoja alinisindikiza dukani wiki mbili mfululizo bila kuniambia kwa nini ananisindikiza. Lakini mjini nilitazamwa. Ndani ya basi mama mmoja alinitupia jicho, akamvuta mtoto wake kutoka kiti cha jirani yangu, akambeba mapajani. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyewasha taa na kuambiwa: upo. Nami nilitaka sana asubiri duru ya pili. Nilitaka aniulize jambo lolote, hata saa ngapi. Alishuka kituo kilichofuata.

Wala sikuweza kujiambia kwamba hofu yake haina mizizi. Agosti 7, 1998, nilikuwa Dar es Salaam, nikisubiri matokeo, nikakaa kwa mjomba Kinondoni. Mshindo ulitikisa madirisha, tukadhani ni ngurumo. Lilikuwa bomu kwenye ubalozi wa Marekani. Dar walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi, siku hiyohiyo, zaidi ya mia mbili, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Waliofanya hivyo walijiita kwa lile neno nililowafundisha wenzangu mezani. Walikuwa na yakini kamili. Walijua uovu uko jengo gani, na aliyekuwa karibu na jengo hawakumhesabu. Mjomba wangu, mtu wa sala tano, alikaa barazani jioni ile akirudia sentensi moja: "Wamemuuliza nani?"

Tulirudi mezani Oktoba. Karatasi yangu ilikuwa bado ina neno lile pembeni kwa herufi kubwa. Hakuna aliyelifuta na hakuna aliyelitaja. Niliwaambia wenzangu kwamba paladini wangu hatawasha taa tena mbele ya yeyote anayeweza kusema. Tutauliza. Walikubali, nusu kwa kunionea huruma.

Mwezi mmoja baadaye tukamkamata kiongozi wa wanyang'anyi, aliyetupa silaha chini na kupiga magoti. Wenzangu walitaka kummaliza. Niliweka kisanamu changu kati yake na wao. Nikasema ameshajisalimisha, tutampeleka mjini kwa kadhi, mwendo wa siku tisa. Safari hiyo ilichukua Ijumaa tatu. Alikula chakula chetu, alitukana, alisimulia habari za mama yake. Nilipomuuliza kwa nini aliingia wizini alinipa majibu matatu tofauti kwa siku tatu. Usiku wa saba akakata kamba, akatoroka na farasi wawili. Wenzangu walinikasirikia kwa dhati, na mmoja alisema nimewafanya waonekane wajinga.

Niliwaelewa. Lakini nilikuwa na utulivu ambao sikuupata siku ya kupokewa kwa ngoma. Huruma yangu haikulipa. Yule mtu hakutubu, hakurudi kutuokoa kwenye hatari kama inavyokuwa kwenye sinema, alituibia tu. Na bado nilikuwa na hakika kwamba nilipaswa kusimama pale niliposimama. Sijapata hakika nyingi za namna hiyo maishani.

Tuliachana mwaka 2003, kila mtu na kazi yake. Mchezo wenyewe umebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Toleo la 2008 liliondoa sharti la kwamba kila paladini awe mwema, na la 2014 likaweka viapo: kuna cha uchaji, kuna cha kulinda uhai na nuru, kuna cha kisasi. Watu wengi husema mabadiliko makubwa ni hayo. Kwangu kubwa ni moja dogo ambalo halisemwi sana. Katika toleo la 2014 kipawa cha paladini humwonyesha mashetani, malaika na wafu wanaotembea. Binadamu mwovu hakimwonyeshi. Mbele ya mtu wa kawaida paladini wa sasa yuko gizani kama sisi, anabaki na masikio yake na maswali yake. Aliyelibadilisha hili simjui, ila ningependa kumpa mkono.

Kiapo cha kisasi, kwa upande mwingine, kinanitia wasiwasi. Kinaruhusu njia yoyote ile mradi waovu wakubwa waangamizwe. Nimekwisha kuwaona walioapa hivyo, na si kwenye vitabu.

Siku ya pili nilimkuta mwanangu hajalipa vile vipande 1,000. Alikuwa navyo, amekusanya. Akaniambia bibi yake, yaani mama yangu, alimfundisha kwamba kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. "Sasa huku dhahabu yangu inamlisha nani?" Swali zuri. Nikamwongezea na lile tulilofundishwa sisi: ukiapa jambo, kisha ukaona lililo bora kuliko ulilolianza, fanya lililo bora na ulipie kiapo chako.

"Basi mimi nilifanya lililo bora," akasema upesi.

"Uliongea nao kwanza?"

Akanitazama. Alikuwa hajaongea nao.

Akarudisha gemu nyuma, mahali alipokuwa amehifadhi kabla ya kile kizimba. Safari hii akawakaribia wale wawili na upanga ukiwa alani. Walikuwa wakimwogopa mateka wao. Muda wote ule walikuwa watu wenye hofu, hilo halikujulikana mara ya kwanza. Akajaribu kuwashawishi waondoke. Dadu ya pande ishirini ikajaa kioo kizima, ikazunguka, ikasimama. Ikampa. Wale wawili wakaondoka zao, akamfungua mwanamke, na kiapo chake kikabaki salama.

Alifurahi, lakini hakuendelea kucheza. Aliweka padi chini. Wakati wa chakula usiku uliotangulia nilikuwa nimemsimulia kidogo habari za pangoni, nikidhani hakusikiliza.

"Wale watoto, Baba. Nyinyi hamkuweza kurudi nyuma?"

"Hatukuweza. Ukishasema umesema."

"Walikuwa wangapi?"

"Saba," nikamwambia.